Gari Uliloliombea Nalirudisha Columbus

Buffalo, Jumatano mchana

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama ambaye najua amekaa karibu yako akisikiliza. Mgongo wako unasemaje msimu huu wa mvua? Dada Faida ameniambia kwamba turubai la jikoni lilipasuka na kwamba ulipanda mwenyewe kulifunga. Tafadhali usipande tena. Na Mama, dawa za presha anazinywa kila siku, au anazinywa siku anazojisikia vibaya tu? Mimi mwili wangu ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini chakula kipo, ni hamu tu iliyopotea.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Kwenye simu ukisema tu "Sikiliza, mwanangu," mimi hunyamaza, na nikishanyamaza sisemi tena jambo nililopigia. Nimejaribu mara tatu. Kwa hiyo nimekaa hapa kwenye duka la mashine za kufulia nguo, naandika kwa mkono, kisha nitazipiga picha karatasi hizi nimtumie Faida akusomee. Faida, usiruke mstari hata Baba akianza kukohoa.

Jambo lenyewe nalitaja mapema, usije ukalitafuta. Lile gari kubwa la kijivu uliloliombea sitalinunua. Jumamosi nalirudisha kwa Mjomba Melki kule Columbus, na nachukua lile dogo jeupe ulilolikataa. Tangu nizaliwe sijakukatalia jambo kubwa. Naomba usikie mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana sitaki kuendesha gari ambalo baba yangu amelinunia.

Kazi yangu unaijua. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye zahanati: naandikisha wagonjwa, napanga siku zao za kurudi, na wazee wetu wasiojua Kiingereza nawatafsiria. Ni kazi ya kukaa, ndani kuna joto, na niliipata kwa shida baada ya kutoka Louisville kwa kaka Amani. Lakini saa mbili kamili asubuhi lazima niwe kwenye kiti. Zahanati iko nje ya mji, na kutoka kwangu ni mabasi mawili. Theluji ikizidi, lile basi la pili haliji. Haliji tu, wala hakuna anayetoka kukuambia. Nilichelewa hivyo mara mbili nikapewa onyo la maandishi. Ndipo nilipokupigia kuomba ushauri, nawe ukasema, "Nunua katre-katre, gari ya kuvuta na mipira yote ine, ao ukae na miguu yako."

Nilikuelewa. Ulinikumbusha zile siku nne ulizokwama na lori njia ya mlimani, mpaka viazi vikachipua ndani ya magunia na abiria wakachinja kuku wao mmoja mmoja. Tangu utotoni nimeisikia habari ile, na siku zote gari baya ndani yake ni gari linalokwama. Sikuwa na sababu ya kufikiri vingine.

Basi nikapanda basi siku nzima mpaka Columbus. Mjomba anakaa Reynoldsburg, pembeni ya mji, na watu wetu wengi hununua magari kwake. Alinisimamisha katikati ya yale mawili kama mtu anayenichagulia mchumba.

"Bon, hii kubwa inavuta mipira yote ine. Hii ndogo inavuta ya mbele tu. Na weye uko unakaa Buffalo. Unafikiri nini tena?"

Nikamuuliza kama dogo halifai kabisa.

"Inafaa ya kwenda soko. Na baba yako alishanipigia simu mara mbili. Donc, unataka miye nimuambie nini?"

Unakumbuka kilichofuata, maana ulikuwepo kwa sauti. Tuliweka simu juu ya boneti, kama watu wetu huku wanavyofanya kila mtu anapopata gari, ili mzazi aliye mbali alibariki. Uliomba mpaka majirani wa Mjomba wakachungulia madirishani. "Bwana, hii gari isikwame. Kwa tope isikwame, kwa mawe isikwame, na kwa hiyo teluji yao isikwame." Mke wa Mjomba aliitikia amina huku anafuta machozi. Mjomba akasema nilitumie kwanza majuma machache, kisha ndipo tuandikishane. Nikarudi nalo Buffalo taratibu, barabara ikiwa kavu, nikishika usukani kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi.

Nimesimama kidogo kuhamishia nguo kwenye mashine ya kukaushia. Nikaenda dirishani kutazama kama theluji imeanza. Bado. Leo nimetazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Sasa nakuambia kitu nilichokuficha. Ulipouliza Jumapili iliyopita nilisema, "Gari liko salama." Ni kweli gari liko salama. Sikukuambia yaliyobaki.

Kuna mama mmoja anayekaa ghorofa ya chini, Mama Riziki, mtu wa Fizi kule nyumbani. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, njia moja na yangu. Siku ya kwanza ya theluji nzito alinigongea kabla sijanywa chai, amevaa makoti mawili. Nyuma yake wako wenzake wawili ambao sikuwa nimewaalika. Alikuwa amesikia kwamba nina gari linalovuta kwa magurudumu manne, na kwa watu wetu mwenye gari kama hilo hawezi kusema barabara imefungwa. Mwenye gari dogo anaweza, wanamsamehe. Nikawapakia.

Tulifika kwenye daraja linalopita juu ya reli. Magari madogo matatu yalikuwa chini ya mwinuko yanazungusha matairi mahali pamoja. Letu likapanda. Si kama lori lako, Baba, halina mti wa pili wa gia wa kuvuta ili magurudumu yote yashike. Linajipima lenyewe, gurudumu moja likiteleza linapeleka nguvu kwa mengine. Lilipanda kama hakuna kitu chini. Wale mama wa nyuma wakapiga vigelegele, na Mama Riziki akanipiga begani.

"Ona! Haiko bure kuwa mutoto wa shoferi! Wale waache wabaki kule na vitoto vyao vya gari!"

Baba, nilifurahi. Mimi mwenye kuogopa kuvuka barabara kwa miguu, nilicheka. Na nikakumbuka maneno yako: mahali pa utelezi usisite, usiguse breki, shikilia gesi ileile, maana ukisita ndipo unapokwama. Nikashuka upande wa pili wa daraja nimeishikilia gesi ileile.

Chini kuna taa. Ikawa nyekundu. Nikakanyaga breki, ikatetemeka chini ya mguu na kukwaruza kama kitu kinachosagwa, na gari halikusimama. Sikuona hata likipunguza mwendo. Magurudumu manne yale yale yaliyotupandisha, sasa yote manne yalikuwa yanateleza pamoja. Tulipita taa nyekundu tukiwa tumegeuka kidogo ubavu. Kulikuwa na lori la kumwaga chumvi linatoka kushoto (huku wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, Mama atasikitika akisikia), na dereva wake alipiga honi moja ndefu. Lilipita nyuma yetu. Niliona uso wa dereva, alikuwa na masharubu. Sisi tukaingia kwenye lundo la theluji pembeni ya barabara, tukatulia.

 Kisha Mama Riziki akasema, "Yesu." Akanitazama. "Ni gari ilikataa, ao ni weye?"

Mguu wangu ulikuwa bado kwenye breki. Akafunga vizuri kilemba chake, akasema, "Bon. Endesha, miye nitachelewa."

Niliwafikisha. Nilipofika zahanati niliegesha nikaingia kazini. Baada ya kulirudisha nyumbani jioni ile, sikuligusa kwa siku kadhaa. Nilirudia mabasi yangu, nikachelewa tena, na msimamizi aliniita ofisini akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikichelewa mara nyingine kiti kile kitapewa mtu mwingine. Upole wake uliniogopesha kuliko kelele. Usiku naona yale masharubu. Kuna wakati nawaza kwamba mama watatu wenye watoto wangekufa mikononi mwangu, wa mwisho kusema neno akiwa anacheka, na mimi ningekuambia nini?

Sisemi haya kukulaumu, Baba. Ulinipa maarifa uliyo nayo, na kwenye tope ni ya kweli, wewe uko hai kwa hayo. Nimeyafikiria sana, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mapokezi na kalamu. Tope linakushika na barafu inakuachia. Sisi sote tunaotoka kule, Mjomba, Mama Riziki, mimi, tunachagua gari kwa hofu ya kushikwa. Sijasikia mtu wetu hata mmoja akiuliza gari linasimamaje.

Aliyeuliza ni Mama Denise. Huyu ni mwenzangu hapo mapokezi, mama Mmarekani mweusi aliyezaliwa hapa hapa Buffalo, karibu anastaafu. Aliona nimekuja na basi siku tatu mfululizo na funguo za gari ziko mfukoni. Nilipomsimulia, hakuuliza injini wala hakuuliza magurudumu mangapi yanavuta. Aliuliza, "Matairi gani?"

Nikasema ni matairi ya kawaida, yaliyokuja na gari.

"Yamezeeka?"

Nikasema sijui.

"Hujui?" akasema. "Unajua siku ya kuzaliwa ya kila mgonjwa humu ndani, hujui matairi yako?"

Lake ni gari dogo linalovuta kwa mbele tu, na kwa hilo hilo amekuja kazini miaka yote. Kila mwaka baridi ikikaribia anavua matairi yote manne na kuvalisha ya baridi, yenye mpira laini usiokakamaa kama kiatu kilicholowa na kuganda. Hivyo tu. Nikafikiri ananifariji. Lakini aliniamuru kesho yake nije na lile kubwa polepole, na mapumziko ya mchana tukaenda kila mtu na gari lake kwenye uwanja wa duka lililofungwa, mahali wazi ambapo theluji haijaondolewa. Akakaa pembeni yangu amefunga mkanda, anakula karoti.

"Mwendo mdogo. Sasa kanyaga."

Nilikanyaga. Nilitaka kufumba macho. Lilikwenda, likakwenda, likasimama. Mimi na tabia yangu ya ukarani nikashuka nikapima kwa hatua kutoka nilipoanza kukanyaga: thelathini na moja. Kisha akanipa lake, mwendo uleule, mstari wa pembeni. Lilisimama kwa hatua kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa, ishirini. Nilirudi kwenye lile kubwa, thelathini. Mama Denise alinitazama nikitembea kwenye theluji nahesabu kwa sauti kwa Kiswahili, akacheka mpaka karoti ikamkwama kooni.

Nikamuuliza basi kwa nini watu wanayataka hayo makubwa. Alinijibu kwa haki, nami naandika kwa haki. Mtu anayekaa vilimani nje ya mji, ambako gari la kusukuma theluji halifiki mapema, huyo anahitaji magurudumu yote manne, tena na matairi ya baridi juu yake. Hilo kubwa nalo likivalishwa matairi ya baridi litasimama vizuri. Lakini mimi sina uwezo wa vyote viwili. Linakunywa mafuta zaidi, na tairi moja likiharibika lazima yabadilishwe yote manne, kwa sababu yakitofautiana ukubwa hata kidogo, mashine inayogawa nguvu inaumia. Na njia yangu unaweza kuiwaza hivi: tambarare, barabara kubwa, inasafishwa kabla ya alfajiri, na mwinuko ni lile daraja moja. Taa nimezihesabu, ziko kumi na nne. Kwa hiyo nahitaji kupanda mara moja na kusimama mara kumi na nne. Nikiiandika hivyo karatasini, naona jibu. Nikiiacha kichwani, nasikia sauti yako.

Nilimpigia kaka Amani Louisville kumuomba ushauri. Huko kwao theluji ni ya kubahatisha, wana barafu ya siku moja mbili tu.

"Huku ikianguka tunafunga mlango tunapika ugali," akasema. "Rudia huku."

Nikamwambia siwezi kuacha kazi. Nikamwambia nimeamua kulirudisha lile kubwa. Akapiga mluzi.

"Unarudisha gari yenye Baba aliombea? Na boneti yote? Ndugu yangu, weye uko na moyo."

"Sina moyo. Naogopa."

"Basi muambie ilikufa. Muambie moteri ililala. Atasikitika siku mbili, itaisha."

Niliwaza hilo, Baba. Nakiri niliwaza siku nzima. Lingekuwa rahisi, na Mjomba angenisaidia kulisema, maana naye anaogopa simu zako. Lakini gari jeupe lingekuja na uongo chini ya kiti, na kila ukiniuliza linaendeleaje ningeanza kuutafuta uongo ule niukumbuke ulivyokuwa. Mimi si hodari wa hilo. Nimeona heri unikasirikie kwa jambo la kweli.

Mjomba nimeshamwambia. Alisema, "Sawa, lakini baba yako utamuambia weye." Nimechagua Jumamosi kwa sababu wanasema itakuwa kavu njia nzima, na nitaondoka jua likiwa limetoka. Jeupe nitalileta Jumapili, na Jumatatu Mama Denise ananipeleka kwa fundi wake avalishe matairi ya baridi kabla ya kazi. Mama Riziki nimemwambia pia. Nilifikiri atanicheka. Aliuliza, "Hiyo ndogo ina siti ngapi?" Nikasema tano. Akasema, "Tutaenea." Kwa hiyo unaona, hata la kusingizia sina. Nitawabeba, na ndiyo sababu nataka lisimame.

Bado naogopa. Sitakudanganya kwamba hesabu imeniondolea hofu. Jana nilijikuta nimekanyaga sakafu chini ya meza kila mlango wa zahanati ulipofunguliwa. Lakini hofu hii naweza kukaa nayo garini. Ile ya daraja, iliyoanza na vigelegele, siwezi.

Nguo zimekauka, na kuna mama anaitazama mashine yangu, kwa hiyo nafupisha. Msalimie Mama, umwambie koti alilonishauri nimenunua na linafika magotini. Msalimie dada yangu Faida, msomaji wetu, na mume wake fundi baiskeli. Msalimie bibi, mama yake Mama, umwambie kwamba namuota akipepeta maharage. Msalimie baba mdogo Yosia aliyenibatiza. Na mzee jirani yetu, yule uliyemwambia kwamba mwanao ananunua katre-katre, naye msalimie. Mwambie unavyoona inafaa.

Jumapili saa tisa mchana za huku, ambazo huko itakuwa usiku, nitakuwa mbele ya nyumba na jeupe, simu juu ya boneti. Nitapiga mara moja tu. Usipopokea nitajua, na Jumatatu nitaliendesha hivyo hivyo kwa sababu kazi lazima niende. Lakini ukipokea, Baba, nakuomba usiombe lisikwame. Likikwama nitashuka na koleo, kukwama hakuniui. Niombee kwamba nikikanyaga, lisimame.

Mwanao anayekuheshimu,
Byamungu